Usiinunue sensa ya 1891: jibu kwa mjukuu wa fundi reli wa Kerry

"Mwalimu, hujambo. Mama yangu alizaliwa Nakuru mwaka 1938. Baba yake alikuwa Mwairishi, fundi wa reli, wa ukoo wa Sullivan. Hakumuoa bibi yangu, ambaye alikuwa Mkikuyu, na aliondoka Kenya mama akiwa bado mdogo. Tulichobaki nacho ni picha moja na kitabu cha sala chenye jina lake na neno 'Cahirciveen' lililoandikwa kwa wino. Mtandaoni nimepata, kwenye sensa ya Ireland ya 1901, familia ya Sullivan karibu na mji huo, ina mtoto wa miaka 7 mwenye jina la babu. Lakini baba wa nyumba hiyo ana miaka 56 mwaka 1901 na miaka 71 mwaka 1911. Miaka 10 imezaa 15! Tena mtoto mwenyewe hayumo kwenye ile ya 1911. Je, ni familia nyingine, au mtoto alifariki? Nimetafuta sensa za 1881 na 1891, naona tu Waairishi walioishi Uingereza. Mtu mmoja kaniambia sensa zote za zamani ziliungua. Mwingine anasema anaweza kunipatia ya 1891 kwa dola 150. Nimlipe? Na karatasi ya sensa inatosha kuombea uraia wa Ireland? Nimeambatisha picha za kurasa zote mbili."

Usimlipe, dada. Sensa ya Ireland ya mwaka 1891 haipo, si kabatini kwa mtu wala kwenye kompyuta ya mtu. Atakachokuletea kwa hizo dola 150 ni ukurasa wa sensa ya Uingereza ya mwaka huo, ambayo imetunzwa vizuri na imejaa Waairishi waliokwenda kutafuta kazi Liverpool na London. Ndio hao hao uliokutana nao ukitafuta mwenyewe bila kulipa chochote. Akiwa mjanja zaidi, atakuletea ukurasa aliouchora yeye.

Na huyo aliyekuambia kwamba zote ziliungua amekupa nusu ya habari. Ireland ilihesabu watu wake kila baada ya miaka 10, kuanzia 1821 hadi 1911. Sensa nne za mwanzo, yaani 1821, 1831, 1841 na 1851, zilikuwa zimetunzwa kwenye jengo la kumbukumbu za serikali katika eneo la mahakama kuu, Four Courts, mjini Dublin. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa na siku mbili tu, jengo lile lililipuka na kuteketea pamoja na karatasi za karne nyingi. Vilivyonusurika katika hizo nne ni vipande vipande, kama vile kurasa za baadhi ya parokia za Cavan, Meath, Galway, Fermanagh na Antrim. Lakini za 1861 na 1871 hazikuungua. Serikali yenyewe iliziharibu baada ya kutoa takwimu ilizozitaka, kwa sababu haikuona faida ya kutunza majina ya watu. Za 1881 na 1891 zilisagwa zitengenezwe karatasi upya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, karatasi ilipoadimika. Katika sensa nane zilizopotea, basi, nne ni za moto na nne ni za makarani.

Zilizobaki kamili ni mbili: ya tarehe 31 Machi 1901 na ya tarehe 2 Aprili 1911. Zote mbili ziko wazi kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland, kwa kaunti zote 32, na hulipi hata senti. Mwaka 1921 watu hawakuhesabiwa kwa sababu nchi ilikuwa vitani. Iliyofuata ilifanywa na taifa jipya tarehe 18 Aprili 1926, na kwa kuwa majina ya sensa hufungwa kwa miaka 100, hiyo ilipangiwa kufunguliwa Aprili 2026. Itakufaa sana kuwatafutia wadogo zake babu waliobaki nyumbani, lakini yeye mwenyewe huenda alikuwa ameshaondoka.

Sasa nije kwenye mzee wako aliyezeeka miaka 15 ndani ya miaka 10. Kurasa ulizonitumia nimezisoma, na nina imani ni familia moja. Mtazame mkewe: 36 mwaka 1901, 46 mwaka 1911, sawasawa. Watoto waliomo katika kurasa zote mbili nao wameongeza miaka 10 barabara. Majina yamefuatana, dini ni ile ile, kijiji ni kile kile. Ni mzee peke yake aliyekimbia mbele ya wenzake, na alikuwa na sababu.

Bunge la Uingereza, lililokuwa likiitawala Ireland, lilipitisha mwaka 1908 sheria ya pensheni ya uzeeni. Kuanzia Januari 1909, maskini aliyefikisha miaka 70 alipata hadi shilingi 5 kwa wiki. Kwa mkulima mdogo wa Kerry, kaunti ulipo mji wa Cahirciveen, hiyo ilikuwa fedha ya kuishi. Sasa fikiria: usajili wa vizazi kwa watu wote ulianza Ireland mwaka 1864 tu. Mtu yeyote aliyedai miaka 70 mwaka 1909 alikuwa amezaliwa kabla ya hapo, hana cheti. Wengi hawakuujua umri wao kwa hakika. Mwaka 1901 walikisia kwenda chini. Mwaka 1911 walikisia kwenda juu, na safari hii kukisia kulikuwa na malipo. Sitamwita babu wa mama yako mwongo. Huenda ule wa 1911 ndio uliokaribia ukweli, maana kufikia hapo alikuwa amelazimika kuutafakari. Ila wewe usiutumie umri wowote wa mtu mzima kwenye sensa hizi kama msumari wa kutundikia kitu. Umri wa watoto ni wa kuaminika zaidi, na hata huo mpe nafasi ya mwaka mmoja au miwili huku na huku.

Pensheni hiyo hiyo inaweza kukuzawadia kitu kikubwa. Serikali ilipohitaji ushahidi wa umri wa waombaji, iliwatuma makarani kwenda kupekua sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa bado hazijaungua. Mwombaji alijaza fomu akitaja wazazi wake na mahali alipoishi utotoni. Karani akaenda kwenye vitabu, akaandika alichokiona au akaandika kwamba hakuona kitu. Vitabu vikateketea mwaka 1922, fomu zikabaki mahali pengine. Leo ziko mtandaoni katika Hifadhi ile ile ya Nyaraka, bure, zikiitwa fomu za upekuzi wa sensa. Mzee aliyedai miaka 71 mwaka 1911 angekuwa mtoto wa mwaka mmoja katika sensa ya Juni 1841, na wa miaka 11 katika ile ya Machi 1851. Kama aliomba pensheni na karani akampata, utakuta majina ya baba na mama yake, pengine na ndugu zake, kutoka kwenye kitabu ambacho hakipo tena duniani. Si kila mzee ana fomu, lakini dakika 10 za kutafuta hazitakuumiza.

Ninachokiona kwa watu wengi wanaonizungumzisha habari za nasaba ni kwamba wanasoma orodha ya majina ambayo tovuti imeichapa, kisha wanafunga. Ile ni kazi ya mtu aliyenakili mwandiko wa zamani, na hukosea. Fungua picha ya karatasi yenyewe. Kila nyumba ina fomu ya kaya, ile yenye majina, ambayo mkuu wa kaya ndiye aliyetakiwa kuijaza na kutia saini. Askari polisi ndio walioigawa na kuikusanya, na mwenye nyumba asipojua kuandika, askari alimjazia naye akaweka alama ya msalaba. Kwako nimeona saini, tena ya mkono uliozoea kalamu. Huyo ni baba wa babu yako ameandika jina lake.

Kwenye safu ya lugha, baba na mama wameandikiwa Kiairishi na Kiingereza, watoto hawakuandikiwa kitu, maana yake Kiingereza tu. Ndivyo lugha ilivyokuwa ikitoka mkononi mwa watu wa Kerry, kizazi kimoja hadi kingine, na waliojaza fomu wakiandika bila kujua wanaandika nini.

Sensa ya 1911 ina jambo ambalo ile ya 1901 haina, nalo ndilo linalojibu swali lako kuhusu mtoto. Mwanamke aliye kwenye ndoa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi hai, na wangapi wangali hai. Huyu mama amejibu: miaka 24, watoto 9, 7 wangali hai. Tuhesabu pamoja. Mwaka 1901 nyumbani kulikuwa na watoto sita, wa miaka 13, 11, 9, 7, 4 na 1. Mwaka 1911 wapo wanne: wa miaka 19, 14, 11, na mmoja mpya wa miaka 8. Ukijumlisha sita wa kwanza na huyu mpya unapata saba, na saba ndio mama anaosema wangali hai. Wawili waliofariki, basi, hawaonekani kwenye ukurasa wowote. Huenda walizaliwa na kufa kabla ya sensa ya 1901, au kati ya sensa hizo mbili. Hivyo yule wa miaka 7, babu yako kama kweli ni yeye, alikuwa hai tarehe 2 Aprili 1911, ana miaka 17 hivi, na usiku huo alilala nyumba nyingine.

Wapi? Kijana wa miaka 17 wa Kerry aliyekuja kuwa fundi wa reli Nakuru lazima alijifunza ufundi mahali. Reli ilifika Cahirciveen mwaka 1893, ikiendelea hadi bandari ya Valentia, na ilikuwa ya kampuni ya Great Southern and Western, ambayo karakana zake kuu zilikuwa Inchicore, Dublin. Mtoto yule alizaliwa karibu na wakati ule ule treni ya kwanza ilipopita. Sisemi alikwenda Inchicore. Nasema ndiko ningeanza kupekua. Kwenye sensa ya 1911 tafuta vijana wa Sullivan wa miaka 16 hadi 18 waliozaliwa kaunti ya Kerry lakini wakahesabiwa Dublin, Cork au Tralee, wakiwa wapangaji au mafundi wanagenzi. Safu ya mahali pa kuzaliwa hutaja kaunti, hiyo ndiyo itakayokusaidia kuchuja. Irish Railway Record Society ya Dublin nayo ina majalada ya watumishi wa reli za zamani. Waandikie ukishapata tarehe ya kuzaliwa, si kabla.

Kuna na fomu ya nyumba, ambayo watu wengi huiruka. Humo askari aliandika kuta ni za nini, paa ni la nini, vyumba vingapi, madirisha mangapi ya mbele, kisha akajumlisha alama na kuipa nyumba daraja la kwanza hadi la nne. Ya kwenu ina kuta za mawe, paa la nyasi, na daraja la tatu. Hiyo haikusogezi mbele kwenye ukoo, lakini fomu hiyo hiyo hutaja mwenye ardhi pale nyumba inapokuwa juu ya shamba la mtu mwingine, na jina hilo linaweza kukurudisha nyuma hadi kwenye kitabu cha tathmini ya ardhi cha Richard Griffith, kilichochapishwa kati ya 1847 na 1864, ambacho kwa vizazi vya kabla ya 1901 ndicho kinachotumika mahali pa sensa. Kina wakuu wa kaya tu, hakina wake wala watoto, na pia kimewekwa mtandaoni bure.

Nimesema "kama kweli ni yeye" na nakusudia. Hapa ndipo nina wasiwasi na wewe, maana barua yako inaonyesha umeshaipenda familia hii. Kaunti ya Kerry ina Sullivan wengi kuliko jina jingine lolote. Baba mmoja mwenye jina la kawaida, mtoto mwenye jina la kawaida, mji mmoja: unaweza kuwa na wavulana watano wa jina hilo hilo waliozaliwa ndani ya miaka mitatu, tena wawili wao ni binamu. Wao walijua kutofautiana kwa majina ya utani ya kila tawi la ukoo, lakini polisi wa sensa hakuyaandika. Kisha mfumo wao wa kutoa majina unazidisha msongamano, na huu hutashangaa nao, kwa sababu ndio wa upande wa bibi yako: mtoto wa kiume wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Waairishi wengi wa wakati ule walifuata mpangilio huo huo wa Wakikuyu, ingawa si wote na si kila mara. Ndugu wanne wakioa, kila mmoja anamtaja baba yao kwa mwanawe wa kwanza, na hapo umepata binamu wanne wa jina moja katika parokia moja.

Dawa yake ni kazi ya kuchosha. Usitafute kwa jina. Tembea kwa mahali. Tovuti ya sensa hukuruhusu kuchagua kaunti, kisha kata ya uchaguzi, kisha kitongoji, kisha nyumba moja moja. Kitongoji ndicho kipande kidogo kabisa cha ardhi chenye jina, nchi nzima ina zaidi ya 60,000, na kwenye tovuti kitaitwa townland. Pita kata zote zinazouzunguka mji wa Cahirciveen, andika kila mvulana wa Sullivan mwenye jina la babu aliye kati ya miaka 5 na 9 mwaka 1901. Kumbuka mji wenyewe huandikwa Cahersiveen, Caherciveen na Cahirciveen, na ukoo huandikwa na O' au bila O'. Nyumba moja inaweza kuwa Sullivan mwaka 1901 na O'Sullivan mwaka 1911, au hata ikajaza kwa Kiairishi, Ó Súilleabháin. Ukimaliza utakuwa na orodha ya wagombea. Kisha wafuatilie mmoja mmoja: nani yupo nyumbani 1911 na anarithi shamba, nani ameoa hapo hapo, nani amefariki. Wanaobaki bila maelezo ndio wako. Wakibaki watatu, basi ni watatu, na usimchague kwa sababu ana paji la uso la mama yako.

Vyeti vitakusaidia. Kwenye tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie kuna picha za daftari za usajili: vizazi vyenye zaidi ya miaka 100, ndoa zenye zaidi ya miaka 75, vifo vyenye zaidi ya miaka 50. Nazo ni bure. Ndoa ya miaka 24 mwaka 1911 ilifungwa karibu na 1887. Itafute, itakupa majina ya baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi. Daftari la kizazi litakupa tarehe, kitongoji na ukoo wa mama kabla ya kuolewa, na huo ukoo wa mama ndio unaotenganisha binamu wa jina moja. Una bahati pia ya kaunti: tovuti hiyo hiyo ina kumbukumbu za ubatizo na ndoa za Kanisa Katoliki za Kerry, kitu ambacho kaunti nyingi hazina humo. Maktaba ya Taifa ya Ireland nayo imeweka daftari za parokia za Kikatoliki hadi karibu 1880, ambazo zitakufaa ukifika kwa wazazi wa mzee wetu wa pensheni.

Lakini yote hayo ni upande wa kule. Kazi yako ngumu haiko Kerry, iko Nakuru. Hata ukinithibitishia kila mtoto wa Sullivan wa kaunti nzima, bado hatuna karatasi moja inayosema kwamba yule fundi wa Nakuru wa 1938 ndiye mtoto yule wa 1901. Kitabu cha sala kinataja mji. Hakitaji wazazi wala tarehe. Watu huanzia ng'ambo kwa sababu ng'ambo ndiko kuna tovuti nzuri, wakaja kugundua baada ya miezi kwamba daraja halina nguzo ya upande wa huku.

Kwa hiyo ningeanza na cheti cha kuzaliwa cha mama, kama kipo. Usajili wa vizazi vya Waafrika haukuwa wa lazima kote Kenya wakati ule, kwa hiyo usivunjike moyo kikikosekana. Nenda parokia aliyobatizwa ukiwa mwenyewe, si kwa simu. Daftari la ubatizo la misheni mara nyingine lina jina la baba hata pale ambapo serikali haina kitu, na mapadre wa enzi hiyo waliandika maelezo pembeni ambayo hakuna atakayekusomea kwa simu. Beba kitambulisho, beba subira, na kuwa mpole kwa karani wa parokia.

Kisha kuna Gazeti Rasmi la koloni, ambalo lilichapisha teuzi za watumishi wa serikali, orodha za wapiga kura Wazungu, na matangazo ya mirathi. Nakala ziko Nairobi katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka za Kenya, na nyingi zimeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Jina lake kamili na cheo chake kwenye reli vikionekana humo, utakuwa umepata mtu halisi mwenye tarehe. Na mtu mwenye tarehe anaweza kutafutwa kwenye orodha za abiria waliopanda meli katika bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960, ambazo humtaja abiria, umri wake, kazi yake na alikoelekea. Fundi wa reli anayekwenda Mombasa, wa umri unaolingana: hapo daraja limeanza kusimama.

Kwa hali kama ya kwenu, ambapo baba hakuandikwa, kuna ushahidi mmoja unaoweza kuvuka bila karatasi, nao ni kipimo cha vinasaba. Kama mama yu hai na anaridhia, apime yeye, si wewe. Mama na binamu wake wa kwanza hushirikiana kwa wastani moja ya nane ya vinasaba vyao. Kwako wewe na binamu huyo wa mama, kiasi hicho kimeshapungua nusu. Waairishi wengi wa Marekani wenye asili ya Kerry wamepima, kwa hiyo uwezekano wa kupata ndugu wa mbali ni mzuri. Mueleze mama wazi kabla ya kutema mate kwenye kichupa: majibu yanaweza kuonyesha kwamba baba si yule mtu wa picha, na yanaweza kuonyesha ndugu wa damu ambao hakuna aliyewajua. Mama mwenye miaka yake ana haki ya kusema hapana, na akisema hapana, hiyo ndiyo jibu.

Kuhusu uraia. Sensa haitoshi, hata ikiwa na saini. Haitaji tarehe ya kuzaliwa, na mahali pa kuzaliwa huishia kwenye kaunti. Sheria ya Ireland humruhusu mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa kwenye kisiwa cha Ireland kujiandikisha katika daftari la vizazi vya nje ya nchi, na ukikubaliwa unakuwa raia. Wanachokitaka ni mnyororo wa vyeti vya serikali: kuzaliwa kwa babu, kuzaliwa kwa mama, kuzaliwa kwako, pamoja na vyeti vya ndoa pale vinapohusika. Kama cheti cha mama hakina jina la baba, au hakuna cheti kabisa, hapo ndipo ombi lako litakapokwama, na mimi si mtu wa kukuambia litakwamuka vipi. Peleka swali hilo ubalozi wa Ireland Nairobi kabla hujalipa ada yoyote, na ikibidi mwone wakili anayejua sheria za uraia. Jua pia kwamba wanao hawataupata kupitia kwako kama walizaliwa kabla wewe hujaandikishwa. Nimewaona watu waliojenga matumaini ya familia nzima juu ya jambo hilo moja bila kuuliza.

Zile dola 150 ungeweza kuzitumia vizuri mahali pengine. Kipimo cha mama ni sehemu moja. Nyingine ni saa chache za mtafiti wa Ireland mwenye ithibati, ukishafika mahali ambapo una wagombea wawili au watatu na swali moja la kuuliza. Chama chao huitwa Accredited Genealogists Ireland. Mtafiti mzuri atakuambia mapema kama swali lako halina jibu kwenye karatasi zilizobaki. Kabla ya hapo usimlipe mtu, kwa sababu kazi ya kutembea nyumba kwa nyumba kwenye sensa unaiweza mwenyewe jioni baada ya chakula. Na ukipata bahati ya kufika Dublin, Hifadhi ya Nyaraka iliyo Bishop Street ina huduma ya ushauri wa nasaba isiyotozwa fedha. Nenda na kurasa zako zimepigwa chapa, na kitabu cha sala ukibebe.

Jambo la mwisho ni la watu walio hai. Kwa hesabu ya ukurasa ule, nyumba ile ilikuwa na watoto saba; karibu hakika kuna wajukuu na vitukuu Kerry na Marekani ambao hawajawahi kusikia habari za Nakuru. Ukiwapata, barua yako ya kwanza isitaje urithi, uraia wala lawama. Taja jina la babu, mji ulioandikwa kwenye kitabu, na mwaka wa kuzaliwa wa mama. Waulize kama kuna mtu katika familia yao aliyekwenda Afrika kufanya kazi ya reli. Weka nakala ya picha, si picha yenyewe. Kisha wape muda; wakikaa miezi kimya, waandikie mara moja zaidi, basi.

Ukimaliza kata za Cahirciveen, nitumie orodha ya wagombea pamoja na chochote parokia itakachokupa. Nitaanza kwa kuangalia ubatizo wa mama.